Mafunzo ya walimu wa Montessori kwa fungu dogo: nianzie wapi? (Tanga)

MkuuWaAwali_Makorora

Habari za jioni walimu. Nasimamia shule ya awali hapa Tanga mjini, upande wa Makorora. Tuna madarasa mawili ya rika mchanganyiko, miaka 3 hadi 6. Moja lina watoto 34, jingine 31. Walimu ni wanne na wasaidizi wawili. Kati ya walimu hao, wawili wamesomea chuoni mfumo wa Montessori (mtoto anajichagulia kazi ya vifaa shelfuni), wawili wana cheti cha kawaida cha elimu ya awali. Wasaidizi wamejifunzia humu humu.

Bodi inatenga laki sita kwa mwaka kwa mafunzo. Zote huishia kwenye semina ya siku mbili wakati wa likizo: projekta, pilau, vyeti vya ushiriki, na shule ikifunguliwa darasa liko vilevile.

Maswali yangu: nimpeleke mwalimu mmoja akasome kozi ndefu, au fedha hiyo niitumie kwa wote hapa hapa shuleni? Na mimi mwenyewe nimetokea shule ya msingi, Montessori sikuisomea. Nawasimamiaje walimu wanaojua kuliko mimi bila kujifanya najua?

BiAlbamu

Mwalimu Mkuu, hilo swali la pili ndilo la kuanza nalo, maana jibu lake halihitaji hata shilingi. Kazi ya kwanza ya kiongozi wa shule ya Montessori ni kutazama, na kutazama kunafundishika kwa mtu yeyote mwenye subira.

Chukua karatasi uipige mistari ya dakika tano tano kuanzia saa 2:00 hadi saa 5:00. Utapata mistari 36. Weka safu nne: waliozama kwenye kazi, wanaozurura, wanaomsubiri mwalimu, wanaosumbua wenzao. Kila dakika tano inua macho, hesabu watoto, andika namba. Safu ya tano, nyembamba, ni ya mwalimu: piga alama kila anapomkatiza mtoto aliyekuwa anafanya kazi vizuri. Hata "hongera!" inahesabika, tena hiyo ndiyo inayokatiza sana.

Kaa kwenye kiti kifupi, mgongo ukutani, mahali pasipo njia. Usiandike kwenye simu. Mtoto akikuuliza unafanya nini, mwambie "natazama kazi," uinamishe macho kwenye karatasi. Wakija mara ya pili watakuzoea. Usitoe hukumu kwa siku moja, tazama walau siku tatu tofauti, na mojawapo iwe Jumatatu.

Namba zenyewe zitakuonyesha mafunzo gani yanahitajika. Wanaomsubiri mwalimu wakiwa wengi, ujue watoto hawajaonyeshwa kazi za kutosha, au mwalimu amewazoesha kuomba ruhusa kwa kila kitu. Wanaozurura wakiwa wengi, kagua shelfu: ama kazi zimekuwa rahisi mno kwa wakubwa, ama zina kipande kilichopotea. Alama za kumkatiza mtoto zikijaa, hapo hakuna semina itakayosaidia. Mwonyeshe mwalimu karatasi hiyo faraghani, bila maneno mengi, naye ataona mwenyewe.

Sasa mafunzo ya wote. Siku moja kwa wiki, watoto wakishaondoka, dakika 50. Nyie ni sita, gawanyikeni makundi mawili ya watatu. Mmoja anatoa onyesho (anaonyesha kifaa kinavyofanyiwa kazi), mmoja anakuwa mtoto, wa tatu ameshika albamu, lile daftari la hatua za kila onyesho, anafuata hatua kwa hatua kimya na kuandika makosa. Onyesho moja tu kwa wiki. Mkifanya matatu mtaishia kupiga soga.

Mfano mnara wa pinki. Michemraba 10, mkubwa una sentimita 10 kila upande, mdogo una 1. Makosa yatakayojitokeza karibu kila mara ni haya. Mwalimu anabeba michemraba mitatu kwa mpigo ili asichoke, wakati safari zile 10 kutoka shelfu hadi mkeka ndizo kazi yenyewe: mkono wa mtoto unaupima kila mchemraba unapobebwa peke yake. Pili, anaongea huku anajenga: "unaona, huu mkubwa, huu mdogo." Mtoto wa miaka mitatu hawezi kufuata mdomo na mkono kwa wakati mmoja, atafuata mdomo. Tatu, anageuza onyesho kuwa somo la rangi. Nne, anamaliza kujenga na kuinuka bila kumwachia mtoto nafasi ya kuanza upya.

Baada ya onyesho, aliyeshika albamu anasoma alichoandika, na mtoaji anarudia papo hapo. Hapa ndipo wengi wanapoacha. Kuambiwa makosa halafu ukaenda nyumbani hakubadilishi mkono wako.

Wanaofuata mfumo wa serikali wa MEWAKA (mafunzo endelevu ya walimu kazini) mtaona hii haiko mbali na jumuiya za ujifunzaji zinazokutana shuleni. Tofauti ni kwamba hapa mnashika vifaa, hamjadili mada.

KakaChuda

Nakubali nusu. BiAlbamu anasahau kwamba albamu nyingi zinazozunguka huku zimenakiliwa kutoka kwa mtu aliyenakili kwa mtu. Mkirudia onyesho bovu kila wiki mtakuwa hodari wa kufanya ovyo. Kabla ya mazoezi, hao wawili waliosomea chuoni walinganishe albamu zao ukurasa kwa ukurasa, na mahali zinapotofautiana wapige alama ya kuuliza. Hizo alama ndizo zinazostahili laki sita: mlipeni mkufunzi mwenye sifa aje siku mbili darasani watoto wakiwepo, asubuhi atazame, mchana ajibu maswali yenu mliyokusanya. Projekta aiache kwake.

Kozi ndefu ya mtu mmoja haipatikani kwa laki sita, tuseme ukweli. Siku mkizipata fedha, uliza mambo manne kabla ya kulipa, kwa kuwa jina "Montessori" halimilikiwi na mtu. Yeyote anaweza kulibandika kwenye cheti. Kuna saa ngapi za kutazama watoto? Kuna wiki ngapi za mazoezi ya kufundisha chini ya msimamizi? Mwanafunzi anaandika albamu zake mwenyewe au anagawiwa zilizochapwa? Na je, kuna mtihani wa mdomo ambao anaokota karatasi na kutoa onyesho mbele ya mtahini? Diploma ya AMI, chama cha kimataifa alichoanzisha Maria Montessori mwenyewe, mwasisi wa mfumo huu, mwaka 1929, inadai yote hayo. Kozi ya wikendi mbili kwenye Zoom inaweza kukufungua macho, lakini usimkabidhi mtu darasa kwa sababu yake.

Na mkataba. Ukimsomesha mwalimu bila makubaliano ya maandishi ya kubaki miaka kadhaa, umewasomeshea shule nyingine.

MkuuWaAwali_Makorora

Ahsanteni sana. Naomba kuongeza jambo. Kila siku ikikaribia saa nne madarasa yote mawili yanachafuka: kelele, watoto wanahama hama, walimu wanapiga makofi na kuwaketisha. Saa nne kamili tunagawa uji kwa wote, baada ya hapo mduara wa nyimbo. Walimu wanasema watoto wamechoka. Ni tatizo la mafunzo au la ratiba?

Mlezi_Raskazone

Ni la ratiba, Mwalimu, na ratiba iko mikononi mwako.

Montessori alipochora mistari ya kazi ya watoto asubuhi nzima aliona jambo linalojirudia. Watoto huanza na kazi nyepesi waliyoizoea, wanapanda kidogo, halafu kwenye majira ya saa nne darasa linapata fujo. Aliita hali hiyo uchovu wa uongo. Mwalimu akitulia, fujo inaisha yenyewe na watoto wanachagua kazi ngumu kuliko zote za asubuhi hiyo. Ninyi mnapiga kengele ya uji dakika ile ile wanapotaka kupanda mlima mkubwa. Kwa hiyo darasa lenu linapata nusu ya kwanza ya asubuhi kila siku, nusu ya pili haijawahi kuonekana. Walimu hawawezi kujifunza kukisubiri kitu ambacho hawajawahi kukiona.

Uji uwe kazi ya darasani. Meza moja, viti vinne. Mtoto mwenye njaa ananawa, anakaa, anajimiminia, anakunywa, anaosha kikombe, anarudi kwenye kazi yake. Hesabu: watoto 34 kwa viti vinne ni zamu tisa, kila zamu kama dakika nane, jumla dakika 72. Fungua meza saa 2:45, ifunge saa 4:15, una nafasi ya kupumua.

Vitu vinavyoiharibu: uji wa moto (uletwe umepoa, msaidizi ajaze jagi dogo la nusu lita kutoka kwenye chupa, sufuria isionekane darasani), foleni (kanuni ni moja, kiti hakipo, rudi kwenye kazi), na kutojua nani hajanywa. Kwa hilo tengeneza kadi za majina, mtoto akinywa anahamisha kadi yake kutoka boksi moja kwenda jingine. Saa 4:05 msaidizi anaangalia kadi zilizobaki na kuwanong'oneza wahusika. Beseni mbili, la sabuni na la kusuuza. Vikombe vioshwe tena jikoni baadaye.

Mduara wa nyimbo usogee mwisho, saa 5:00. Paredi ya asubuhi ikiisha saa 2:20 tayari umepoteza dakika 20, ifupishe. Na mwalimu wa Kiingereza au ustadhi anayeingia saa tatu, mwombe kwa adabu aje baada ya saa tano. Mzazi anayeleta ada asifike mlango wa darasa. Haya hayawezi kufanywa na mwalimu wa darasa, yanafanywa na wewe.

Onyo: wiki mbili za mwanzo fujo ya saa nne itazidi. Walimu watakutazama kwa jicho baya. Wape cha kufanya wakati huo: mmoja akae chini na mtoto mmoja na kutoa onyesho, mwingine azunguke taratibu bila kusema, akiwaelekeza tu wale wanaoumiza wenzao au kuharibu vifaa.

FundiMsasa

Mmesahau vifaa. Hali ya hewa ya pwani inatafuna mbao, na kifaa kibovu kinamfundisha mwalimu tabia mbaya.

Chukua zile mbao za silinda, nne, kila moja na silinda 10 na tundu zake. Uzuri wake ni kwamba kifaa chenyewe kinamwambia mtoto amekosea: silinda moja inabaki bila tundu, au inazama. Sasa fundi akichonga kwa mbao mbichi, masika mbao inavimba, silinda inakwama, mwalimu anaikwangua kwa kisu, kiangazi inalegea, na silinda mbili zinaingia tundu moja. Kuanzia hapo mtoto hagundui kosa lake, na mwalimu analazimika kusahihisha kwa mdomo. Halafu mnamlaumu mwalimu kwamba anaingilia.

Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi, mafunzo ya wiki hiyo yawe ukaguzi wa shelfu. Kila mwalimu afanye kazi zote za eneo lake kama mtoto, kuanzia kuitoa shelfuni hadi kuirudisha. Hesabuni vipande: vijiti 45 vya sanduku la kuhesabia (kimoja boksi la moja, viwili la mbili, hadi tisa), maana kikipungua kimoja boksi la tisa halijai na somo zima linageuka uongo. Kilichopungua kinatoka shelfuni siku hiyo hiyo. Kwa kuagiza upya, msaji uliokauka vizuri unatosha, na kwetu mkoa huu haupatikani mbali, Muheza upo.

Herufi za msasa, zile za kupapasa zilizobandikwa kwenye vibao, ndizo zinazoumiza zaidi. Seti nyingi za kuagiza zimetengenezwa kwa Kiingereza: zina q na x tusizozitumia, na c peke yake. Mnachohitaji ni vibao vya ziada vya ch, dh, gh, kh, ng', ny, sh na th, kila kimoja sauti moja kwenye kibao kimoja. Rangi zifuate seti yenu, irabu buluu, konsonanti pinki. Gundi ya maji hubanduka kwa unyevu, tumia gundi ya fundi viatu na kandamiza usiku kucha. Msasa uwe laini, mkali unamfanya mtoto aondoe kidole.

BiAlbamu

Fundi umenena. Niongeze kwenye hizo herufi, kwa sababu ndipo walimu wa cheti cha kawaida wanapopata tabu. Wamezoea "ba be bi bo bu" kwa pamoja. Kwenye somo la hatua tatu wape watoto sauti mbili au tatu tu, zisizofanana kwa sikio wala kwa umbo: m, s, a, kwa mfano, siyo b na d. Kwanza "hii ni mmm," pamoja na kupapasa. Pili "nionyeshe mmm," na hatua hii ndiyo ndefu, icheze: "weka mmm dirishani, nipe sss." Tatu "hii ni nini?" Ukiona mtoto anasitasita hatua ya pili, usiende ya tatu. Rudi ya kwanza bila kumwambia amekosa, au funga kazi hadi kesho. Kosa la kawaida ni kuruka ya pili kwa haraka na kugeuza ya tatu kuwa mtihani. Msikilizeni mwenzenu kwenye mazoezi, mtalisikia.

MtaalumaPongwe

Nami niguse makaratasi, maana Uthibiti Ubora (wakaguzi wa shule wa serikali) wakija hawataulizia mnara wa pinki, wataulizia azimio la kazi na andalio la somo. Msiandike mafaili mawili. Tengenezeni jedwali moja: safu ya kwanza umahiri wa mtaala wa elimu ya awali, ya pili kazi za shelfu zinazoujenga, ya tatu muda. Kumimina maji kunaingia kwenye afya na mazingira, shanga za dhahabu kwenye hisabati, na kadhalika. Kulijaza jedwali hilo ni mafunzo tosha kwa wiki tatu, na walimu wa cheti cha kawaida ndio wawaongoze wenzao, maana mtaala wanaujua wao. Inasawazisha heshima chumbani.

Rekodi ya mtoto tumieni pembetatu: upande mmoja ameonyeshwa, pande mbili anafanya mazoezi, pembetatu kamili ameimudu. Jina moja, mstari mmoja, kazi zote. Ijazwe kila siku kabla ya mwalimu kuondoka, isisubiri Ijumaa. Mwalimu Mkuu, ukiona mtoto ana pande moja moja nyingi na hakuna pembetatu hata moja, mwalimu anakimbiza maonyesho. Na ukiona safu nzima ya eneo fulani ni tupu kwa darasa zima, mara nyingi ni eneo ambalo mwalimu mwenyewe halijui vizuri na analikwepa. Hapo ndipo pa kuchagua onyesho la mazoezi la wiki inayofuata.