UZI: "Sindano ni sindano." Huyu bwana wa chumba cha picha atatumaliza!

Jamani, mikono inatetemeka kwa hasira, herufi zikipinda msinirekebishe. Mnamjua. Simtaji, lakini kila aliyewahi kulala kwenye ile meza ya skani anamjua: miwani kwenye kipaji, simu begani. Leo kaletewa mgonjwa mwenye poti ya kemo, ya kupitishia dawa za saratani. Akavuta droo, akatoa sindano ya kawaida, ile ya kitako cha kijani, na sirinji ya mililita 5. Kuulizwa sindano ya Huber iko wapi, kajibu: "Sindano ni sindano."

SINDANO NI SINDANO! Kelele zilizopigwa pale, punda wote wa Langoni, hapa Lamu, waligeuza masikio.

Poti si mshipa, bwana. Ni kichupa kimezikwa chini ya ngozi, hapo chini ya mtulinga. Juu kina kifuniko cha silikoni, ubavuni kinatoka kimrija kinachopita kwenye mshipa mkubwa mpaka jirani na moyo. Huber ncha yake imepindwa makusudi: inapenya silikoni, ikitoka tundu linajifunga. Ya kawaida inachonga kijipande na kuondoka nacho. Baadaye poti inavuja, na kuna dawa za kemo zikimwagika chini ya ngozi zinachoma nyama hadi kidonda. Halafu hiyo sirinji! Bomba likiwa jembamba shinikizo linapanda, na mrija ulioziba kidogo unapasuka. Ndiyo maana watu hutumia ya mililita 10 au zaidi. Lakini wapi. Sindano ni sindano.

Upepo_wa_Shela: Pole. Ila umeruka balaa lenyewe: ile mashine ya kusukuma dawa ya picha, ile inayoingizwa mwilini ili skani ionekane vizuri. Si kila poti inaihimili. Zinazohimili kwa kawaida mwisho wake ni mililita 5 kwa sekunde, na shinikizo lisizidi pauni 300 kwa inchi ya mraba. Na sindano nayo lazima iwe ya kiwango hicho, si poti peke yake. Nyingi za aina hiyo zina herufi CT zinazoonekana kwenye eksirei. Kadi ya poti ndiyo inayosema. Hakuna kadi, hakuna alama? Dawa ipitie mshipa wa mkono, basi.

Mwenye uzi: Kadi alipewa. Akajipepea nayo.

Mkaa_Barazani: Hebu kwanza. Hiyo sindano alichoma au hakuchoma?

Mwenye uzi: Hakuchoma, alizuiwa! Lakini ALITAKA!

Mkaa_Barazani: 😂😂 Mwenzetu analia matanga na maiti yuko barazani anakunywa kahawa.

Kadzo_wa_Malindi: Afadhali wenu. Wetu huku Huber anayo, subira hana. Anapaka klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu kwenye ngozi, kisha anaipuliza kwa mdomo ikauke! Unasugua sekunde 30, unaiacha ikauke yenyewe, barakoa usoni. Kupuliza ni kupanda vijidudu juu ya mlango wa moyo. Halafu mwenye poti akishikwa na homa ya 38 anaambiwa ameze panadoli alale. Alale wapi? Hospitali, saa hiyo hiyo, damu ipimwe kutoka kwenye poti na kutoka mkononi.

Fundi_Mrija: Nyote hamjakutana na Bwana Itapita wa wodini. Anavuta, damu hairudi, yeye anasukuma tu: "itapita." Damu isiporudi, mgonjwa ainue mkono, akohoe, ageuze shingo, alale chali. Pengine ncha imeegemea ukuta wa mshipa. Ikigoma bado, mara nyingi ni utando umeota mdomoni mwa mrija: dawa unaipisha kuingia, damu unaizuia kutoka. Kuna dawa ya kuuyeyusha, alteplesi miligramu 2, inaachwa mle nusu saa hadi saa mbili. Kemo ya kuchoma haiingii mpaka damu irudi. Na mgonjwa akisema panawaka moto, unaacha. Huambiwi mara mbili.

Mwenye uzi: Itapita na Sindano-ni-sindano walikaa dawati moja.

Shangazi_Mkomani: Wanangu, na hao wanaowapandisha watu boti na basi hadi Mombasa kila wiki 4 kwa kuoshewa poti tu? Salaini, yale maji ya chumvi, mililita 10, kusukuma na kusita, kusukuma na kusita, mwisho heparini ya kuzuia damu kuganda. Dakika chache! Tena siku hizi poti isiyotumika kuna vituo vinaiacha hadi miezi 3. Muulizeni daktari wenu kabla ya kulipa nauli.

Bint_Langoni: Shangazi umegusa boti! Mkanda wa jaketi la kujiokolea unakaa juu ya poti kabisa. Kunja leso uiweke chini ya mkanda, jaketi usivue.

Mkaa_Barazani: Jaketi gani? Lile alilokalia nahodha?

Bint_Langoni: Na linanuka papa.

Kadzo_wa_Malindi: Kwani nauli ya boti ya kuvuka Mokowe, bara, imepanda tena?

Mwenye uzi: Jamani, mada! SINDANO!

Mkaa_Barazani: Imepanda usiku tu. Mchana ile ile.

Kadzo_wa_Malindi: Na ya saa kumi na mbili jioni inahesabiwa usiku?

Bint_Langoni: Kwa yule nahodha, hata saa tisa ni usiku.