Mjadala: Nani aamue kama mpira umedakwa, mwamuzi wa uwanjani au video ya mwendo wa polepole?

Ndugu wapenzi wa futiboli ya Marekani, naomba tulijadili kwa utulivu suala ambalo limewagawa mashabiki wa ligi ya NFL kwa miaka mingi: ni wakati gani mpira unahesabiwa kuwa umedakwa? Wengi hulaumu maneno ya kanuni, na wapo wanaosisitiza kwamba tatizo lilikwisha mwaka 2018 kanuni hiyo ilipoandikwa upya. Msimamo wangu ni kwamba kanuni ilirekebishwa vizuri, na kwamba mkanganyiko uliobaki unatokana na kumruhusu mtu anayetazama video ya mwendo wa polepole aamue jambo ambalo kiini chake ni muda.

Kanuni ya sasa inamtaka mpokeaji, yaani mchezaji anayerushiwa pasi, atimize mambo matatu. Kwanza, aumiliki mpira barabara. Pili, akanyage ndani ya uwanja kwa miguu yote miwili, au aguse chini kwa sehemu nyingine ya mwili kama goti au kiwiko. Tatu, akiwa bado ameushika, afanye tendo la kimchezo, kama vile kupiga hatua ya ziada, kuunyoosha mpira mbele au kumkwepa mpinzani. Na ikiwa hakufanya lolote kati ya hayo, basi awe ameushika kwa muda ambao ungemtosha kulifanya. Sharti la pili huonekana kwa macho, na la kwanza pia kwa kiasi kikubwa. La tatu ni kipimo cha muda, lakini hakuna mahali palipoandikwa ni muda kiasi gani, na sidhani kama inawezekana kuuandika.

Kabla ya 2018 hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu mpokeaji aliyeanguka wakati wa kudaka alitakiwa aendelee kuumiliki mpira hata baada ya kugonga ardhi. Septemba 2010, mjini Chicago, Calvin Johnson wa Detroit Lions aliudaka mpira katika eneo la kufungia, yaani sehemu iliyo nyuma ya mstari wa goli ambako pointi hupatikana, huku mechi ikikaribia kwisha, akaanguka, na alipokuwa akiinuka mpira ukabaki chini. Pasi ikahesabiwa kuwa haikukamilika, na wenyeji Chicago Bears wakashinda 19 kwa 14. Januari 2015, katika mechi ya mchujo (hatua ya mtoano) iliyochezwa Green Bay, Dez Bryant wa Dallas Cowboys aliruka juu ya beki katika jaribio la nne, ambalo ndilo la mwisho kwa timu inayoshambulia, akaudaka mpira, akapiga hatua huku akiinama kuelekea mstari wa goli, akaangukia karibu kabisa na mstari huo. Waamuzi walisema ameudaka. Kocha wa wenyeji, Green Bay Packers, aliomba tukio lipitiwe kwa video, uamuzi ukabatilishwa, na Packers wakashinda 26 kwa 21. Desemba 2017 yakamkuta Jesse James wa Pittsburgh Steelers dhidi ya New England Patriots: zikiwa zimebaki sekunde 28, aliuvusha mpira mstari wa goli, uwanja mzima ukashangilia, kisha video ikaonyesha mpira ukitikisika ulipogusa ardhi, na pointi zikafutwa. Patriots walishinda 27 kwa 24.

Machi 2018 wamiliki wa timu zote 32 walipiga kura kwa kauli moja kuliondoa lile hitaji la kuendelea kuumiliki mpira baada ya kugonga ardhi, wakakubali pia kwamba mpira kutikisika kidogo mikononi si lazima kuwe ni kuupoteza. Waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima, na viongozi wa ligi walikiri wazi kwamba chini ya maneno mapya Bryant na James wangehesabiwa kuwa wamedaka.

Hata hivyo, tazameni jambo ambalo kura ile haikuligusa. Kati ya matukio hayo matatu, mawili yaliamuliwa kwa namna moja uwanjani na kugeuzwa na video. Desemba 2025 likatokea la Isaiah Likely wa Baltimore Ravens dhidi ya Pittsburgh Steelers: aliudaka mpira ndani ya eneo la kufungia, miguu yote miwili ikakanyaga, na kabla mguu haujashuka kwa hatua ya tatu beki akaupangusa mpira ukatoka. Mwamuzi aliyekuwa karibu aliona ni pointi. Video ikasema sivyo, kwa sababu hatua ya tatu haikukamilika, na Ravens wakapoteza mechi ile. Kanuni ilikuwa mpya, lakini namna ya kugombana ilikuwa ile ile ya zamani.

Sababu yake ni hii. Tukio la chini ya sekunde moja linapotandazwa kwenye skrini kwa sekunde kadhaa, jicho hupoteza kabisa uwezo wa kuhisi muda. Mtazamaji anaweza kuona mpokeaji amekaa na mpira muda mrefu kuliko ukweli, na anaweza vilevile kuona kila mtikisiko mdogo kuwa ni kuupoteza mpira. Upotofu huenda pande zote mbili, ndiyo maana mashabiki wawili waaminifu hutazama video moja wakaapa vinyume. Ligi inasema uamuzi wa uwanjani ugeuzwe pale tu ushahidi ulipo wazi na dhahiri. Nauliza kwa dhati: neno "muda wa kutosha" linawezaje kuwa dhahiri ndani ya picha ambayo imeunyoosha muda wenyewe?

Pendekezo langu ni kwamba video ibaki na kazi inazoziweza. Iseme kama mpira uligusa ardhi bila kumilikiwa, kama mguu ulikanyaga mstari, kama goti liligusa chini kabla mpira haujatoka mikononi. Swali la iwapo mpokeaji alikuwa na mpira kwa muda wa kutosha libaki mikononi mwa mwamuzi aliyeliona tukio kwa kasi yake halisi, na lisigeuzwe.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni kwamba sharti la tatu liondolewe kabisa, mpokeaji akishika na kukanyaga mara mbili basi yaishe. Siliungi mkono wazo hilo, kwani kila mpokeaji ambaye angegongwa papo hapo baada ya kukanyaga angehesabiwa kuwa ameangusha mpira ulio hai, yaani ambao timu yoyote inaweza kuuokota, na mechi zingejaa mipira ya kugombaniwa chini pamoja na mapigo mazito kwa watu ambao hawajapata hata nafasi ya kujikinga. Sharti la muda lina kazi ya haki.

Pingamizi nzito zaidi ni kwamba mwamuzi anaweza kukosea vibaya na makosa yake yakaamua mchujo. Ni kweli, na siwezi kuahidi kwamba halitatokea. Lakini tunao mfano. Januari 2019, New Orleans Saints walinyimwa adhabu ya wazi ya kumzuia mpokeaji, baada ya beki wa Los Angeles Rams kumgonga mpokeaji wao kabla pasi haijamfikia, na kwa hasira iliyofuata ligi iliruhusu adhabu hiyo ipitiwe kwa video msimu wa 2019. Viwango vya uamuzi viliyumba wiki hadi wiki, makocha wakashindwa kujua nini kitageuzwa na nini kitaachwa, na baada ya msimu mmoja tu utaratibu huo ukaachwa. Lile nalo lilikuwa suala la hukumu ya mwamuzi, wala si la kupima mstari.

Kwa pendekezo langu, pointi za Likely zingesimama, na najua mashabiki wa Steelers hawatalipenda jibu hilo. Naomba anayepinga aanzie hapo hapo: atuambie ni kitu gani ambacho video ilikithibitisha siku ile ambacho mwamuzi aliyesimama karibu hakukiona, mbali na kuuhesabu mguu uliokuwa bado hewani.