Bunduki ya 375 ya bei nafuu kwa ajili ya mbogo: ninunue ipi?

Kijana wa Micheweni

Assalaam alaykum wakubwa. Mie mtu wa Pemba, ila mwaka wa sita huu nnafanya kazi Bara, kambi ya uwindaji, kusini huko. Nilianza kwa kufua mashuka ya wageni, leo nafuata nyayo. Msimu ujao nataka niombe leseni ya uwindaji wa wenyeji nikapige mbogo wangu mwenyewe, na bunduki sina. Nimeweka milioni saba. Nataka ya kukoki kwa mkono.

Kambini kila mtu ana lake. Mmoja anasema kaliba (unene wa risasi) ya 458, mwengine anasema ndogo ya 30-06 yatosha ukijua pa kupiga. Duka moja Dar wamenionesha mbili za 375: CZ 550 iliyokwishatumika, na nyengine mpya kabisa, kitako cha plastiki. Bei karibu sawa. Ile mpya inang'aa, moyo unanivuta huko. Nishaurini. Na nikija nayo nyumbani naihifadhi vipi? Kwetu kutoka mlangoni mpaka pwani ni hatua chache.

Shamba Chwaka

Kaka, sie huku twasaka nguruwe wanaotulia muhogo, kwa mbwa na mikuki, mambo ya mbogo nawaachia wenyewe. La kutu ndio nnalolijua. Paka mafuta ya nazi. Panga langu lina miaka kumi, halina hata doa.

Mzee wa Kizimkazi

Wa alaykumu salaam mwanangu. Nimewabebea watu bunduki Bara miaka ishirini na mbili, kwa hiyo nisikilize.

30-06 iondoe kabisa. Bara mbogo hapigwi kwa kaliba iliyo chini ya 375, ndio sheria, na anayekwambia vyengine anakutafutia balaa. Ni bunduki nzuri kwa swala na kuro, ikomee hapo.

458 inaua, sikatai. Lakini teke lake ni kubwa, na mtu akishaliogopa teke hufumba macho kabla hajafyatua. Chukua 375 H&H. Hiyo waliitoa Holland & Holland wa London mwaka 1912 na mpaka leo inafanya kazi ileile: risasi ya gramu 19 na ushei, mwendo wa mita 770 hivi kwa sekunde, na bega la mtu wa kawaida linaizoea. Halafu risasi zake zinajulikana kila kambi. Iko 375 Ruger ya 2007, nguvu zake haziko mbali na hizo, lakini zikikuishia Tunduru utamuomba nani?

Sasa hizo mbili zako. Mwambie muuzaji alitoe komeo lote nje, kile chuma unachokivuta na kukisukuma ukikoki, ulitazame ubavuni. Kwenye CZ 550 utaona kucha ndefu ya chuma, mtindo wa Mauser, bunduki ya Kijerumani ya 1898. Kucha ile huikamata risasi kwenye ukingo wa kitako chake mara tu inapochomoka magazini, na haiiachii mpaka ganda litoke nje. Nyingi za bei nafuu za siku hizi hazina. Komeo linaisukuma risasi tu, na kijino kidogo huja kuishika mwisho, linapofungwa. Kwa swala si neno. Kwa mbogo ni neno kubwa.

Siku moja upande wa Ruvuma mgeni wetu alimjeruhi dume. Tukafuata damu saa mbili nzima, ikatuingiza kwenye matete. Alipotoka hakuwa mbali hata hatua kumi na tano, pua juu, anatutazama. Mgeni akapiga, akakoki kwa pupa, akasukuma komeo mbele bila ya kulifunga, kisha akalivuta tena nyuma. Risasi ile aliyoisukuma ikabaki chemba, mwanzo wa mtutu, na nyengine ikaja ikaigota nyuma yake. Nausikia mpaka leo ule mgoto, kama kitasa kisichoingia. Mikono inamtetemeka na bunduki haifungi. Alhamdulillahi mwindaji bingwa alikuwa kushoto kwangu na yake ikalia. Na ile iliyokwama ilikuwa mpya, ndio mara ya kwanza kuingia porini.

Kwa hiyo mie CZ. Kiwanda cha Uherský Brod huko Cheki hakiitoi tena 550, ila zilizotumika bado zinazunguka. Mama yake ni Brno ZKK 602, nayo ukiikuta nzima ni mali, isipokuwa baadhi ya zile za zamani kizuizi chake cha usalama kinakwenda kinyume: mbele imefungwa, nyuma inapiga. Izoee mkono usikudanganye. Zastava M70 ya Serbia ina kucha hiyohiyo na bei ya chini, lakini mara nyingi komeo lake linakwaruza, linataka fundi.

Kabla hujalipa, omba risasi bandia zisizo na baruti, jaza magazini, koki polepole kabisa, halafu koki kwa nguvu zako zote. Mulika ndani ya mtutu. Tazama mbao nyuma ya komeo, pale kidole gumba kinapopita, 375 huwa zinapasuka hapo. Na milioni saba usizimalize kwenye chuma. Bakisha ya risasi za kujifunzia. Kibali cha polisi kwanza, pesa baadaye, na usiipandishe botini bila ya karatasi zako mkononi.

Ndugu yangu wa Chwaka, kwa panga sawa. Kwa bunduki hapana. Mafuta ya nazi huganda ikipoa chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za Julai porini kuna baridi. Yakigandia kwenye pini ya kufyatulia, unavuta na hailii. Tumia mafuta mepesi ya bunduki, futa kila jioni, na usiifungie ndani ya mfuko wake ukaisahau, mfuko hunyonya unyevu. Yangu ililiwa na kutu chini ya mkanda, wiki moja tu ya masika.

Kijana wa Micheweni

Shukran mzee. Leo nimerudi dukani. Ile mpya kweli haina kucha. Ya CZ risasi zote tano zimepita, polepole na kwa nguvu, na mtutu ni safi. Lakini pale kwenye mbao pana ufa, mwembamba kama unywele, urefu wa ukucha. Niiache?

Mzee wa Kizimkazi

Usiiache. Muoneshe muuzaji ufa huo kwa kidole chako, akupunguzie. Kisha mpe fundi aitoe mbao, aijaze gundi ya epoksi na apitishe bolti katikati. Akimaliza piga risasi ishirini uutazame tena ufa. Usipotembea, ni bunduki ya kwenda nayo kwa mbogo.