Kijiji cha Marekani chenye wapiga kura 6 na wote wanapiga, hii imekaaje?

Mtu wa Ngamiani:
Heshima kwenu wakuu. Jana kijiweni kwetu huku barabara ya 12 tunakunywa kahawa na kashata, ukazuka ubishi wa kura. Baba mdogo akatoa hoja eti Marekani kuna kijiji kinaitwa Dixville Notch, kiko jimbo la New Hampshire kule milimani karibu na mpaka wa Canada, wanapiga kura saa 6 kamili usiku, dakika chache baadaye wameshahesabu wametangaza, na hakuna hata mmoja anayebaki nyumbani, asilimia 100. Tukamcheka sana tukajua hiyo chai, mpaka nikaweka dau la kahawa. Kurudi home nikaingia gugo, kumbe kipo kweli 😅

Sasa naulizia, wanawezaje? Maana mi mwenyewe kichinjio, yani kadi ya kupigia kura, ninacho tangu 2015 na nimekitumia mara moja tu. Halafu hicho kijiji ni cha chama cha Republican au cha Democrat? Kila mwaka nikiangalia naona kimegeuka.

Bi Raskazone:
Lipa kahawa ya watu mkuu.

Fundi Saa:
Mkuu hiyo asilimia 100 usiiogope, ndo masharti yenyewe. Sheria ya New Hampshire inaruhusu vijiji vyenye watu chini ya 100 kufungua kituo usiku wa manane, na kituo kinaruhusiwa kufungwa wakishamaliza wote walioandikishwa. Sasa mko 6, mnasimamia uchaguzi nyie nyie, usipotokea si wanakuja kukugongea mlango? Hata balozi wa nyumba kumi hapa Makorora ana watu wengi kuliko wale. Walianza 1960, kulikuwa na hoteli kubwa inaitwa Balsams, mwenye hoteli Neil Tillotson ndo aliyelianzisha, na miaka mingi yeye ndo alikuwa wa kwanza kutumbukiza karatasi mpaka alipofariki 2001. Waandishi wa habari wakapenda maana walikuwa wanapata matokeo ya kwanza nchi nzima. Saa 6 usiku kwao huku kwetu inakuwa saa 2 asubuhi, yani unakunywa chai na mihogo matokeo ya kituo cha kwanza yapo tayari.

Hoteli ilifungwa 2011, wafanyakazi wakaondoka na kura zikaondoka nao. 2008 zilipigwa 21, 2012 zikawa 10, 2016 zikawa 8, 2020 zikawa 5.

Marekani yenyewe kwa ujumla wala hawafiki huko, 2020 ilikuwa kama asilimia 66 na kwao ile walishangilia. Wanapiga Jumanne, siku ya kazi, serikali kuu haijaifanya sikukuu. Sisi Tanzania tunapewa mapumziko na bado 2020 tuliishia kwenye 50 na kidogo wakati 2015 tulifika 67. Kwa hiyo mapumziko peke yake hayamtoi mtu ndani.

Mtu wa Ngamiani:
Duh, nimekuelewa. Na upande wao je?

Dada wa Chumbageni:
Upande hawana kaka yangu, watu 6 ni upande gani? Kennedy, Obama, Clinton, Biden na Harris ni wa Democrat, wapinzani wao Republican. 1960 walimpa Nixon 9 Kennedy 0, akashinda Kennedy. 2008 Obama 15 McCain 6. 2012 Obama 5 Romney 5, sare. 2016 Clinton 4 Trump 2, zilizobaki mbili zikaenda kwingine, akashinda Trump. 2020 Biden zote 5. 2024 Harris 3 Trump 3, sare tena. Ukitaka kutabiri uchaguzi kwa hicho kijiji bora ukamuulize mganga Pangani.

Mi kilichonifurahisha ni hiki, 2024 kati ya wale 6 wanne walikuwa wameandikishwa kama Republican na wawili hawakutaja chama. Ila Harris kapata 3! Maana yake yupo angalau Republican mmoja kamkimbia Trump, na Januari mwaka huo huo kwenye kura za maoni za Republican wote 6 walimpa Nikki Haley, mpinzani wa Trump ndani ya chama, Trump akatoka patupu ingawa jimbo zima alishinda yeye. Kwa hiyo mtu kuandikwa chama fulani haimaanishi kura yake unayo mfukoni, hapo watu wa vyama wanajidanganya sana, huko na huku.

Mvuvi wa Sahare:
Ila siri iko wapi hapo?? 2020 zote 5 zimeenda kwa Biden, yani kila mtu kajua jirani yake kampigia nani na hakuna pa kujificha. Kijiweni kwetu juzi tulichagua mtunza hela ya mchango tukiwa 7, kwa vikaratasi kabisa vimekunjwa, mmoja kapata 6 mwenzie 1, na ile moja wote tunajua aliipiga nani. Mpaka leo hasalimii.

Mtu wa Ngamiani:
Hahaha mvuvi umeniua. Haya baba mdogo keshapata taarifa, anasema kahawa haitoshi anataka na mkate wa mofa.