Butiloda yangu ya UEFI inaita kerneli, ila pointa inafika takataka. Naombeni msaada

Mwanabiti: Wakuu habari za jioni. Siku ya tatu leo silali vizuri. Naandika kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ndogo ya x86_64, projekti ya mwaka wa mwisho, na butiloda yake ya UEFI, yaani fimuwea inayowasha kompyuta, nimeiandika mwenyewe kwa C. Inapakia kerneli kwenye memori, inachukua anwani ya fremubafa (memori ya picha ya skrini) kutoka GOP, huduma ya skrini ya UEFI, inapita ExitBootServices (kuaga huduma za UEFI) halafu inaita kerneli ikiipa pointa (anwani) moja tu, ya BootInfo, kifurushi changu cha taarifa hizo. Kazi ya kerneli ni kupaka skrini rangi ya bluu, basi. Wiki iliyopita ilipaka. Juzi nimeongeza mistari michache kwenye butiloda ya kuhesabu memori iliyo wazi, tangu hapo skrini nyeusi tu. Kerneli sijaigusa hata herufi moja. Jumatatu nawasilisha. Tatizo litakuwa wapi?

Kijana wa Tanga: Mkuu achana na kuteseka, weka butiloda iliyo tayari, Limine au GRUB, mambo yaishe.

Mwanabiti: Butiloda ndo projekti yenyewe mkuu.

Pweza: Si uwaambie kerneli yako rangi yake ni nyeusi 😂😂

Mzee wa Diski: Umenikumbusha mbali. Sisi tulianza na BIOS, fimuwea ya kabla ya UEFI, sekta moja ya baiti 512 inapakiwa 0x7C00, na namba ya diski BIOS inakuachia kwenye DL, nusu ya chini ya rejista DX (rejista ni kihifadhi kidogo ndani ya prosesa). Mimi nikaandika fanksheni ya kuchapa maneno, ndani yake natumia DX bila kuihifadhi, kumbe naifuta ile namba. Kila nikisoma sekta ya pili inagoma, nikabadilisha flashi tatu nikijua zimekufa. Angalia rejista zako kijana, kuna kitu unakanyaga.

Mwalimu K: Vijana mnakimbilia kuandika mfumo mzima wakati pointa zenyewe hamjazielewa. Misingi kwanza.

Dada Rejista: Mdogo wangu, umekompaili na nini?

Mwanabiti: gcc dada.

Dada Rejista: gcc ipi? Taja ya butiloda na ya kerneli.

Mwanabiti: Butiloda ni x86_64-w64-mingw32-gcc maana UEFI inataka faili la PE (muundo wa programu za Windows), kerneli ni x86_64-elf-gcc. Sikuitaja kwa sababu zote ni gcc, prosesa ni ileile, nikaona haina uzito.

Dada Rejista: Uzito wote uko hapo. Hizo kompaila mbili hazikubaliani namna ya kuita fanksheni. Ya mingw inafuata kanuni za Microsoft, ambazo ndizo za UEFI pia: hoja (kitu unachoipa fanksheni) ya kwanza inakaa rejista RCX, ya pili RDX, kisha R8 na R9, na anayeita anaacha nafasi ya baiti 32 kwenye staki. Ya elf inafuata System V: hoja ya kwanza RDI, ya pili RSI, halafu RDX, RCX, R8, R9. Kwa hiyo butiloda yako inaweka BootInfo kwenye RCX, kerneli inaitafuta RDI. Kompaila haiwezi kukuonya kwa sababu ni faili mbili tofauti, na wewe umegeuza namba kuwa pointa ya fanksheni tu, imekuamini.

Mwanabiti: Nimekuelewa dada, asante. Ila mimi nilishapata njia nyingine, nitaandika ile anwani kwenye 0x90000, kerneli ikiamka inaisoma pale, hakuna habari ya rejista tena. Msimamizi nimeshamweleza na michoro nimeshachora.

Dada Rejista: Hiyo 0x90000 umeiomba kwa AllocatePages, huduma ya UEFI ya kugawa memori?

Mwanabiti: Hapana, ila kwenye QEMU (kompyuta ya kuigiza) inakubali.

Dada Rejista: QEMU imekubali leo. Kwenye laptopu ya mtu hapo panaweza kuwa pa fimuwea, ukaandika juu ya vitu vyake. Na kuna siku utataka kuita fanksheni yenye hoja tatu, utatafuta anwani tatu?

Bwana Shaka: Samahani, mimi hii stori naona imetungwa. Kama hizo kanuni zimepishana tangu mwanzo, wiki iliyopita hiyo bluu ilitoka wapi? Kitu kibovu kwa asilimia 100 hakifanyi kazi wiki nzima halafu kife. Jamaa anataka aandikiwe projekti.

Kijana wa Tanga: Hata mimi hapo nimeguna.

Mwanabiti: Wallahi ilipaka, mwenzangu wa chumbani aliiona kwa macho yake. Sina sababu ya kudanganya.

Dada Rejista: Msimrukie. Mdogo wangu, washa QEMU na -s -S, unganisha kidibaga GDB kwenye localhost:1234, weka hbreak (kituo cha kusimamisha) kwenye anwani ya kuingilia kerneli, ikisimama andika info registers utuwekee RCX na RDI.

Mwanabiti: RCX ndo ina anwani ya BootInfo kweli. RDI ina 0x30.

Dada Rejista: 0x30 ni 48. Kwenye OVMF, fimuwea ya UEFI ya QEMU, ukubwa wa ingizo moja la ramani ya memori ni baiti 48. Sasa Bwana Shaka, jibu lako hili hapa: kwenye kanuni za Microsoft, RDI ni rejista ambayo anayeitwa lazima airudishe kama alivyoikuta. Wiki iliyopita kompaila iliiweka BootInfo humo ili ivuke salama ExitBootServices, na kerneli ikaikuta palepale inapotafuta, kwa bahati tu. Alipoongeza kitanzi cha kuhesabu memori, kompaila ikagawa rejista upya, RDI ikapewa ukubwa wa ingizo. Kijana hajadanganya.

Bwana Shaka: Hapo nimenyoosha mikono. Samahani dogo.

Dada Rejista: Kwenye butiloda, tangaza aina ya pointa ya kuingilia kerneli hivi:
typedef void (__attribute__((sysv_abi)) *Ingia)(BootInfo *);
Kerneli usiiguse.

Mwanabiti: BLUU!! Dada Mungu akubariki, nimeijaribu mara sita na kitanzi kimo. 0x90000 nimeifuta, michoro nachora upya usiku huu. Ila nikiwasha intarapti ya taima, variabo za ndani za fanksheni zinabadilika zenyewe.

Dada Rejista: Kerneli umeikompaili na -mno-red-zone?

Mwanabiti: Ndo nini hiyo dada?