Dar–Mtwara kwa gari: tusimame Gereza la Kilwa au Boma la Mikindani?

Njia_Ndefu: Wakuu habari zenu. Naenda Mtwara na familia kwa gari, nataka tusimame sehemu moja watoto waone ngome ya zamani ya kijeshi. Nimebaki na mbili, Gereza la Kilwa Kisiwani au Boma la Mikindani. Ipi inalipa?

MamaZuu: Watoto wa umri gani? Mnalala njiani au mnaunganisha? Mwezi gani? Tukushauri kwa lipi sasa.

Fundi_Gia: Na gari gani mkuu? 2024 kimbunga Hidaya kilipopita barabara ilikatika huko Somanga watu wakakwama. Kama ni masika ulizia kwanza kwa madereva wa mabasi.

KusiniKwetu: Kilwa, usijiulize mara mbili. Boti ikisogea kisiwani unalikuta Gereza limekaa ufukweni kabisa, kuta nene za matumbawe na chokaa, upande mwingine bahari imeshaula. Wareno waliuvamia mji 1505 wakajenga hiyo ngome, 1512 wakaondoka. Ukitoka hapo ni mguu tu mpaka Msikiti Mkuu, halafu Husuni Kubwa, magofu ya kasri la sultani. Msafiri maarufu Ibn Battuta kafika pale 1331 jamani!

Mswahili_wa_Pwani: @KusiniKwetu hapo tuelewane, ngome ya Wareno ilikuwepo ndiyo, ila hilo jengo unaloliona leo sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, miaka ya 1800 hivi.

KusiniKwetu: Msingi wa nani?

Mswahili_wa_Pwani: Msingi sawa, mabaki ya Wareno yamo. Lakini mtoto akiambiwa ni la Wareno tu anapotoshwa, na historia ya Waomani hapa pwani inafutika hivihivi.

MamaZuu: Mimi Kilwa naipenda ila niseme lililonikuta. Kuna jamaa pale Kilwa Masoko, mji wa bara unakopandia boti, alichukua hela akasema kibali cha kutembelea magofu anashughulikia yeye, tumefika gatini tunaulizwa kibali hatuna, jamaa simu hapokei, ikabidi turudi ofisini tulipe upya na jua lile, tukavuka tumechelewa, kurudi maji yameshakupwa boti haisogei ufukweni, mama yangu na magoti yake mabovu ikabidi atembee kwenye tope huku kashikwa mikono huku na huku, nililia siku ile. Kibali kata mwenyewe ofisini, na nahodha muulize maji yanakupwa saa ngapi kabla hujampa hata shilingi.

Fundi_Gia: Pole sana dada. Ndo maana mimi nasema Mikindani. Boma la Wajerumani la 1895, sasa ni hoteli, gari unapaki mlangoni, unaagiza chakula huku unaitazama ghuba. Hakuna boti.

KusiniKwetu: Hoteli hiyo mkuu, yeye kaulizia ngome.

Fundi_Gia: Kwani hoteli imebomoa kuta? Mnara upo palepale. Wajerumani walitawalia kusini kutoka mle.

Njia_Ndefu: Samahani nimechelewa kujibu. Watoto wana miaka 6 na 11, gari ni Noah, tunatoka mwezi wa nane. Kulala sijaamua.

MamaZuu: Mwezi wa nane barabara haina shida. Basi laleni Masoko, alfajiri mvuke.

Fundi_Gia: Wa miaka 6 kwenye boti mvalishe jaketi la kuokolea, wakisema hamna usipande. Na kwenye vijiji shika 50, tochi za trafiki za kupima mwendo ni nyingi mno.

Njia_Ndefu: Tochi zinaanzia wapi hasa, Kibiti au mapema?

Mswahili_wa_Pwani: Kuanzia Mkuranga huko mkuu.