Tupeane uzoefu: tunaozunguka majumbani kwa wazee, Tanga

Mama Mabawa
Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Tanga mjini. Kaya zinazoninyima usingizi ni zile ambazo mzee anaishi peke yake, au na mjukuu wa darasa la tatu.

Aliyenifundisha kazi ni bibi mmoja. Kila nikipiga hodi: "Karibu mwanangu, sijambo, dawa nameza." Naandika kwenye daftari kwamba anameza, napita. Siku moja mvua ikanizuia kwake, ikabidi nikae. Akaniomba nimshushie kopo juu ya kabati. Mlikuwa na vidonge vya presha vya miezi mitatu, amevifunga kwenye kipande cha kanga, fundo kwa fundo. Alikuwa anameza kichwa kikimuuma tu. Vingine akiba, kwa sababu aliwahi kwenda kuchukua dawa akaambiwa zimekwisha, akanunue.

Sikumgombeza. Ningemgombeza angelificha kopo. Nilimweleza kwamba presha haipigi hodi, hupanda kichwa kikiwa kizima mpaka kiharusi kimwangushe mtu. Nikampeleka zahanati akapimwa na kupangiwa dawa upya. Sasa anameza na chai ya asubuhi, mjukuu anamkumbusha kabla ya kwenda shule. Nami siulizi tena "unameza?" Naomba vidonge, tunahesabu wote wawili.

Leteni na ya kwenu.

Mwana Mkonge
Huku mashambani wazee wengi walikuja ujanani kukata mkonge, toka Kigoma, toka kusini. Nguvu zimekwisha, na kwao hakuna anayewajua tena. Nina babu mmoja mwenye matende, alikuwa hafungui mlango kwa aibu ya harufu. Nilianza kwa kuongea naye dirishani, majuma mawili hivi. Siku aliyofungua nilikuja na beseni na sabuni ya kipande. Tuliuosha mguu taratibu, tukakausha katikati ya vidole kimoja kimoja, tukauweka juu ya kigoda. Matende hayarudi nyuma kwa kuosha, jamani, lakini vidonda vilikauka na zile homa zilizokuwa zikimlaza zimepungua sana. Ijumaa hii nilimwona anatoka msikitini na kanzu yake.

Kinachoniuma ni jingine. Kuna ofisi alirudishwa mara mbili kwa sababu mashine haikusoma alama za vidole vyake. Vidole vilivyoliwa na mkonge miaka yote hiyo!

Binti Tongoni
Mimi si mhudumu, ni mtoto wa mzee. Naishi Dar, nampigia mama kila wiki, naambiwa "mzima mwanangu". Aliyegundua kwamba haoni ni mhudumu wa kijiji: mama alimkaribisha chai akaimimina nje ya kikombe. Kumbe mtoto wa jicho. Ameshafanyiwa upasuaji, anachambua mchele mwenyewe. Dada yule Mungu amlipe, mimi nilishindwa kuona kwa simu.

Kijana wa Duga
Shikamooni. Jirani yangu mzee ana miaka 70 na zaidi, anaogopa kwenda hospitali kwa sababu hana hela. Nifanyeje?

Mama Mabawa
Marahaba mwanangu. Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasiojiweza wana haki ya kutibiwa bure, ni sera tangu 2003. Nenda naye kwa mtendaji wa mtaa atambuliwe, kisha mwahi asubuhi, mkaulize dirisha la wazee. Usimwache aende peke yake. Akirudishwa mara moja tu harudi tena.

Na hili niliseme: Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kuandaa wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Nafurahi mno. Ila sisi tumezoea kuulizwa wajawazito wangapi, watoto wangapi. Naomba hao wapya waulizwe na wazee.

Mwana Mkonge, suala la vidole nimelichukua. Nina mzee wa namna hiyo Pongwe, kesho nakwenda naye kwa mtendaji. Nikirudi nitakuandikia.